Siku tatu za mwisho Guangzhou, mzigo ukiwa umeshafungwa

Swali: "Habari kaka. Nina fremu ya mikoba na viatu vya kike Kariakoo. Mwishoni mwa Oktoba naenda Guangzhou kwa mara ya pili. Safari ya kwanza nilikaa siku kumi na mbili, sikuona kitu zaidi ya Xiaobei tunakolala, Sanyuanli tunakonunua mikoba, na dari ya hoteli. Safari hii nimejipanga: Alhamisi nitakuwa nimefunga mzigo, na ndege yangu ni Jumapili usiku. Wenzangu wananiambia nizitumie hizo siku kuzunguka machimbo mengine ya bidhaa, eti mji wenyewe ni maghorofa tu. Mimi nataka kuuona. Sijui Kichina, ni Mwislamu kwa hiyo nachunga chakula, na pesa ya matembezi nitakayobakiza ni kama yuan 600. Niende wapi?"

Jibu:

Dada yangu, hao wenzako nawafahamu. Siwajui kwa majina, lakini kwa miaka niliyofanya ukalimani kwa wafanyabiashara wetu hapa nimekutana nao wengi: mtu amekuja China mara ishirini, ukimuuliza Guangzhou ikoje anakutajia bei ya zipu kwa dazeni. Siwalaumu. Visa ina siku zake, hoteli inahesabu kila usiku, na nyumbani kuna mkopo unaosubiri. Ila kusema mji huu ni maghorofa tu ni sawa na Mchina akae Mtaa wa Kongo wiki mbili, halafu arudi kwao aseme Dar es Salaam haina bahari.

Tuanze na mzigo, maana usipoumaliza vizuri utatembea na mwili huku akili iko stoo.

Umesema Alhamisi utakuwa "umefunga". Kumlipa muuzaji siyo kufunga. Ijumaa asubuhi, kabla ya jambo lolote, nenda stoo ya kago wewe mwenyewe. Hesabu katoni kwa kidole. Hakikisha kila katoni ina alama yako ya mzigo na imeandikwa pande mbili, kwa sababu upande mmoja ukichubuka kwenye kontena hakuna atakayejua ni ya nani. Simama pale wanapopima CBM, yaani mita za ujazo za mzigo wako, usipokee hesabu kwa simu jioni. Piga picha ya risiti na ya rundo lenyewe. Mwaka wangu wa pili hapa nilimwamini mtu wa stoo moja kwa ujumbe wa sauti tu, "katoni zote zipo bro". Dar zikashuka kumi na tatu badala ya kumi na nne, na ile iliyopotea ndiyo iliyokuwa na viatu vya harusi vya mteja wangu. Mpaka leo yule mama akipiga simu namwamkia mara mbili.

Saa nne utakuwa umemaliza. Rudi hotelini, uoge, uvae viatu vya kutembelea.

Mambo matatu ya kubeba. La kwanza ni pasipoti halisi, siyo kopi wala picha. Polisi wanaweza kukuuliza barabarani, hasa maeneo ya Xiaobei, na sheria inamtaka mgeni aibebe. Makumbusho mengi pia huiomba getini. La pili ni simu yenye Alipay au WeChat uliyoiunganisha na kadi yako ya benki kabla hujaondoka nyumbani, na ramani ya Amap, kwa sababu ramani uliyozoea huku haifunguki au inakupeleka mtaa wa pili. La tatu ni noti ndogo ndogo za yuan. Kisheria hawaruhusiwi kukataa pesa taslimu, ila muuza chai hatakuwa na chenji ya mia. Metro inaanzia yuan 2, kwa hiyo teksi isahau mpaka siku ya mizigo.

Sasa Ijumaa yenyewe. Hii ndiyo siku yako kubwa, na yote inakaa kwenye barabara moja, Jiefang Kaskazini, jirani kabisa na Xiaobei unapolala. Panda Laini ya 5 kituo kimoja tu hadi stesheni ya reli ya Guangzhou, badili Laini ya 2, shuka kituo kinachofuata: Yuexiu Park. Watu wetu wanabadili treni kituo kimoja tu kutoka hapa kila siku wakienda au wakitoka Sanyuanli, na hawafiki.

Anzia msikiti wa Xianxian, namba 901. Ndani ya ua wake wenye miti kuna kaburi dogo lenye kuba, ambalo Waislamu wa China wanasema ni la swahaba Sa'd bin Abi Waqqas, na kwamba ndiye aliyeuleta Uislamu huku. Wanahistoria hawakubaliani na hilo, na vitabu vya Kiislamu vyenyewe vinasema Sa'd alifariki karibu na Madina akazikwa Baqi. Mimi huwa sibishani na mtu mlangoni. Kaburi ni la kale, watu wanamsomea dua aliyelala pale, na ukikaa dakika kumi kwenye kivuli chake utasahau kwamba stesheni yenye watu maelfu iko kituo kimoja tu kutoka hapo.

Fika mapema kabla ya saa saba mchana, kwa sababu Ijumaa panafurika. Utawaona Wahui, wale Waislamu wa Kichina, wenye kofia nyeupe, Wauyghur, Waarabu, Wapakistani, Wasenegali waliovaa kanzu za zambarau, na Wasomali ambao nusu yao watakuamkia kwa Kiswahili cha Eastleigh. Ukiingia, ulizia sehemu ya wanawake, utaonyeshwa. Baada ya swala, nje ya geti mara nyingi hupangwa vyakula: mishikaki ya kondoo yenye bizari ya pilau na pilipili ya unga, mikate mikubwa ya duara iliyochomwa tanurini, tende. Bizari ile ikigusa mkaa, harufu yake ni ya Forodhani kabisa. Kula hapo hapo, utakuwa umemaliza chakula cha mchana kwa pesa ndogo na bila wasiwasi wa nguruwe.

Ukishiba, tembea kwa miguu kurudi kusini dakika chache hadi namba 867. Hapo ni makumbusho ya kaburi la mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale uliokuwa na makao yake hapa, na kama ningeruhusiwa kukuonyesha jengo moja tu Guangzhou nzima, ningekupeleka hili.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1983 mafundi walikuwa wanasawazisha kilima kiitwacho Xianggang wajenge nyumba za wafanyakazi. Tingatinga likagonga mawe makubwa yaliyopangwa. Chini yake kulikuwa na kaburi la mfalme wa pili wa Nanyue, Zhao Mo, aliyefariki mwaka 122 kabla ya Kristo, na halikuwa limewahi kuibiwa. Utashuka ngazi uingie humo humo kaburini: vyumba saba vya mawe mekundu, vyembamba, ukinyoosha mikono unakaribia kugusa pande zote. Mfalme alizikwa amevishwa vazi la vipande 2,291 vya jiwe la jade, vimeshonwa kwa uzi wa hariri. Alizikwa pia na watu kumi na watano waliouawa ili wamhudumie huko aendako, masuria, mpishi, mlinzi wa geti. Huwa napita haraka chumba cha mpishi. Sijui kwa nini, ila huyo ndiye anayeniuma.

Ukitoka kaburini unapanda kwenye kumbi za maonyesho. Vazi la jade lina watu wengi mbele yake, utaliona tu. Mimi nakuomba utafute pembe. Ni pembe tano za ndovu, zimegeuka rangi ya ukoko wa ugali ulioungua, zimepasukapasuka, na ukizitazama bila kusoma maelezo unaweza kudhani ni magogo. Watafiti walizichunguza wakaona umbo lake ni la tembo wa Afrika, siyo wa Asia. Na katika kaburi hilo hilo walikuta ubani. Ubani, dada! Ule ule unaofukiziwa nguo kwetu, uliosafiri kutoka pande za Uarabuni na Pembe ya Afrika, ukazikwa Guangzhou zaidi ya miaka 2,100 iliyopita.

Nakuambia haya kwa sababu ya biashara yako. Sisi tunajiona kama wageni wa juzi hapa, tuliokuja na dola mfukoni baada ya viwanda kufunguliwa. Kumbe kuna mtu wa upande wetu wa bahari aliuza pembe, mwingine akaipakia, mwingine akaipeleka bandari nyingine, mpaka ikafika chumbani kwa mfalme ambaye hakuwahi kusikia jina la mahali ilikotoka. Na bidhaa za kurudi unazijua bila kutoka Dar: nenda Kunduchi kwenye makaburi ya kale ya nguzo, uone palipopachikwa sahani za Kichina. Manda, kule Lamu, mwaka 2013 walichimbua sarafu ya mfalme Yongle wa China. Hatuna jipya, ni CBM tu zilizoongezeka. (Pembe zenyewe siku hizi ni jela: China ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwisho wa mwaka 2017. Usikubali kumbebea mtu hata bangili.)

Ukitoka hapo itakuwa kama saa kumi, na mguu wa kulia utakuwa unalalamika. Vuka barabara uingie bustani ya Yuexiu, haina kiingilio. Usijilazimishe kuona kila kitu. Panda pole pole hadi sanamu ya mbuzi watano, ya mawe ya matale, yenye urefu wa kama mita 11. Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi: hadithi yao inasema zamani za njaa walikuja malaika watano waliopanda mbuzi, kila mmoja amebeba masuke ya nafaka, wakaubariki mji usione njaa tena. Kilicho kizuri zaidi kuliko sanamu ni wazee. Jioni utawakuta wakicheza dansi, wakiimba na spika ya magurudumu, wakipigana danadana na kitu chenye manyoya ambacho hakitakiwi kuanguka. Mama mmoja wa makamo aliwahi kunirushia kwa mguu wake nikipige kile kitu, nikakikosa mara tatu, akacheka mpaka akakaa chini. Nikashika njia nikarudi zangu Xiaobei kwa miguu.

Chakula cha usiku, tafuta migahawa ya tambi za Lanzhou, Xiaobei imejaa. Alama ni maandishi 清真, mara nyingi kwenye kibao cha kijani, maana yake halali. Kaa karibu na jiko umwone kijana anavyovuta unga. Anashika donge moja nene kama mkono wa mtoto, analikunja, analivuta, analibamiza mezani, analikunja tena, na kila mkunjo nyuzi zinazidi mara mbili, mpaka ghafla mikononi kuna kitu kama uzi wa cherehani. Sahani hiyo na nyama ya ng'ombe haifiki yuan 30 mitaa mingi.

Jumamosi usilale hadi saa nne. Watu wa Guangzhou wanakuamkia kwa kukuuliza kama umeshakunywa chai, na kunywa chai kwao ni kula: vikapu vidogo vya mianzi vyenye mvuke, vitatu vitatu, vinne vinne, kutwa ya asubuhi. Tatizo lako ni moja tu na ni kubwa. Katika mikahawa ya kawaida nguruwe yuko hata mahali usipomtarajia, kwenye mafuta ya keki, kwenye supu ya kamba. Usitegemee neno la mhudumu aliyekusikia nusu. Kuna mkahawa wa zamani wa Waislamu Barabara ya Zhongshan ya 6, karibu na kituo cha Ximenkou, unaopika Kikanton bila nguruwe. Huo ndio utakaokufaa.

Adabu za mezani ni mbili. Birika la kwanza huwa halinywewi: mimina chai ya moto kwenye bakuli, suuza vikombe na vijiti, maji yamwage kwenye chombo walichokuwekea. Ukiyanywa hawatakusema, watatazamana tu. Ya pili, mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili, taratibu. Ndiyo ahsante yenyewe. Wanasema mfalme Qianlong alikuwa akisafiri kwa kujificha kama raia, akammiminia mtumishi wake chai. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, basi akavipigisha magoti vidole. Iwe kweli au isiwe, ukigonga vile viwili huku umevaa mtandio wako, meza nzima ya jirani itakutabasamia. Nimeona wazee wakimsogezea mgeni kikapu chao kwa sababu ya hilo.

Kutoka hapo Msikiti wa Huaisheng uko umbali wa matembezi mafupi, Mtaa wa Guangta. Mtaa umepewa jina la mnara wake, ambao hufiki karibu bila kuuona: mita 36, mweupe, laini, hauna pambo, umesimama kama mshumaa kati ya maduka ya vifaa vya hospitali. Inasemwa zamani mto ulipokuwa karibu zaidi, juu yake iliwashwa taa ya kuongoza majahazi. Watalii wasio Waislamu mara nyingi huishia getini. Wewe toa salamu, uingie na uswali rakaa mbili. Ibn Battuta, yule Mmorocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja mpaka mji huu miaka kumi na kitu baadaye, akaandika kwamba Waislamu wana sehemu yao, msikiti wao na soko lao. Yaani alikuta Xiaobei ya zama zake.

Mchana shuka mtoni. Kama ulishawahi kununua nguo Shisanhang, lile soko la alfajiri ambalo ukifika saa nne umechelewa, basi jina lake unalijua lakini huenda hujaambiwa maana yake. Ni "nyumba kumi na tatu za biashara". Kuanzia mwaka 1757 mfalme aliamuru biashara yote ya bahari ya Wazungu ipitie Guangzhou peke yake, na ikawa hivyo hadi 1842. Walipewa kijisehemu ukingoni mwa mto. Hawakuruhusiwa kuingia mjini watakavyo, wala kuleta wake zao, wala kufundishwa Kichina, na msimu ukiisha walitakiwa waondoke, wengi wakienda kungoja Macau. Ninapowasimulia hivi wateja wetu wanaocheleweshewa visa huwa wanacheka kicheko kirefu. Majengo yale yaliungua mwaka 1856. Pale yalipokuwa sasa ni bustani iitwayo Cultural Park, na ndani yake kuna makumbusho madogo ya hiyo historia. Nusu saa inatosha.

Vuka daraja dogo uingie Shamian. Hiki ni kisiwa kidogo sana, unakimaliza kwa miguu ukiwa unapiga soga. Baada ya ule moto, Waingereza na Wafaransa walikijenga kwenye fungu la mchanga, wakagawana, sehemu kubwa kwa Waingereza na kipande cha mashariki kwa Wafaransa, na madaraja yakawa na walinzi ili Mchina asikatize usiku kwenye ardhi yake mwenyewe. Leo ni maharusi wa Kichina ndio wanaopiga picha mbele ya yale majengo ya nguzo. Miti ni mikubwa na kivuli ni kizito. Hapa ndipo pa kukaa. Toa chupa yako ya maji, vua viatu kidogo, tazama watu. Ukiulizwa upigwe picha na familia kubali mara moja mbili, kisha sema "bu yao", yaani sitaki, kwa upole, la sivyo utageuka sanamu ya sita.

Wenzako watakuambia usirudi bila kupanda Canton Tower. Ni mnara mzuri, mita 600, ulifunguliwa mwaka 2010. Lakini tiketi ya kupanda itakumeza robo ya pesa yako, utapanga foleni, na ukifika juu utakuwa umeupoteza mnara wenyewe, maana ndiyo kitu pekee usichokiona ukiwa ndani yake. Utazame kutoka chini, usiku, taa zikiwa zinabadilika. Kadhalika zile meli za utalii zenye taa. Mtoni kuna vivuko vya umma ambavyo nauli yake ni kama ya basi, na kimoja kinatoka upande wa Huangsha, jirani na Shamian. Ni pantoni ya Kigamboni tupu: baiskeli, mama na mboga zake, mwanafunzi amelala na mkoba kifuani. Vuka, ushuke, unywe maji, uvuke tena. Jua likizama, maji ya Mto Pearl yana rangi ya chai ya rangi, na huku mwingine anazozana na simu yake kwa Kikanton, lugha ambayo hata mimi niliyesomea Kichina naambulia neno moja kwa matano.

(Wenzako Wakristo wakikuuliza: Barabara ya Yide, pale wanapofuata midoli na mapambo, nyuma ya maduka kuna kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu, lilijengwa kuanzia 1863 hadi 1888. Wamelipita mara ngapi wakiwa na mifuko myeusi kichwani!)

Jumapili fungasha kwanza. Nasema kwanza, kabla hujatoka hata kunywa chai. Pima masanduku kwa mizani ya mkono. Pawabenki zote zitoke kwenye sanduku la kupakia, zikae kwenye mkoba wa mkononi, na kama ulinunua nyingi za kuuza, hizo siyo za ndege, ulitakiwa uziongelee na kago tangu Ijumaa. Nimewahi kukaa sakafuni uwanja wa ndege na mteja, masanduku yamefunguliwa, tunatoa maganda ya simu moja moja, kwa sababu asubuhi ya mwisho "alipita mara moja" Dashatou, soko la vifaa vya simu. Alilipia kilo zilizozidi pesa ambayo faida ya maganda yale isingeifikia, na mji hakuuona.

Ukishafunga, utakuwa na asubuhi ya bure. Nenda Chenjiaci, jumba la ukoo wa Chen, Laini ya 1. Lilikamilika mwaka 1894 kwa michango ya watu wa ukoo huo kutoka wilaya nyingi za Guangdong, ili vijana wao wakija mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Sitakueleza sana. Tazama juu ya mapaa: watu, majoka, matunda, tamthilia nzima za udongo zimepangwa kwenye ukingo wa vigae, na kwenye milango mbao zimechongwa mpaka sauti ya patasi unaisikia. Wewe unayeshika mkoba ukajua kwa kidole kama mshono ni wa mashine au wa mkono, utakaa pale muda mrefu kuliko mimi. Duka la ndani lina vitu vya ukumbusho, bei siyo ya jumla, nunua kimoja cha mama nyumbani na utoke.

Hesabu yako inakaaje? Ukila kama nilivyosema, ukapanda metro na kivuko, na kulipa viingilio vya makumbusho ambavyo ni vidogo, utabakiwa na kama nusu ya zile 600. Hiyo usiibadilishe kwa wale wanaokunong'oneza "change, change" Xiaobei. Ni kosa kisheria, na noti bandia zinapitia hapo. Itumie kwenye teksi ya uwanja wa ndege, kwa sababu na masanduku mawili metro itakuonea: Laini ya 5, kisha ya 2 hadi Jiahewanggang, kisha ya 3, ngazi kila mahali. Ukiwa na begi moja tu, basi panda metro, saa moja na ushee inatosha. Angalia tiketi yako imeandikwa jengo namba ngapi kabla hujamwambia dereva, mwonyeshe kwenye simu, asikushushe kwingine.

Na tarehe ya visa iangalie Alhamisi, siyo Jumapili. Ukipitiliza, faini inaweza kuwa yuan 500 kwa kila siku, na ukiwazidi sana wanaweza kukuweka ndani. Kama ndege ni ya usiku wa manane, hesabu vizuri ni tarehe ipi hasa utakayogongewa muhuri wa kutoka.

Mizani ya hoteli usiiamini, huwa inapunguza kilo moja hivi. Bakiza nafasi.